Maswali ya Wasomaji: Kuifungia Mota Glaida ya Balsa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuigeuza glaida (ndege ya mfano isiyo na mota) ya balsa, mbao nyepesi sana, ile inayouzwa ikiwa vipande ndani ya boksi, ili ipande angani kwa mota ya umeme badala ya kuvutwa kwa kamba na mpira. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya nyingine yameegemea hapo.

Ndugu Fundi, kwenye mnada wa vitu vya zamani nimenunua boksi la Gentle Lady ambalo halijawahi kujengwa. Michoro yote imo na balsa bado ni nzuri. Kiwanja kilicho karibu nami ni kidogo, hakiruhusu kutandaza mpira wa kurushia. Nifunge mota gani, na je, bawa litahimili? — Msomaji, Minneapolis

Ndugu msomaji, umepata kitu kizuri. Gentle Lady ilitengenezwa na Carl Goldberg Models ya Chicago, na katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi walijifunza kurusha glaida kwa ndege hiyo. Mabawa yake yana upana wa karibu mita 2 kutoka ncha hadi ncha, eneo lake ni takriban desimita za mraba 43, na inaongozwa kwa usukani na kiinuzi tu, yaani kile kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua. Ni ndege ya polepole, inayosamehe.

Wewe umeanza kwa kuuliza mota. Mimi ningeanza na mizani. Glaida ina pua fupi na mkia mrefu, kwa hiyo kila aliyewahi kuijenga anajua kwamba mwishoni hulazimika kujaza vipande vya risasi, yaani ile metali nzito, puani ili kitovu cha uzito kikae mahali kilipochorwa. Risasi hiyo haifanyi kazi nyingine yoyote. Kugeuza glaida iwe ya umeme, kukifanywa vizuri, ni kuitoa risasi hiyo na kuweka mahali pake uzito unaofanya kazi. Kwa sababu hiyo mota huchaguliwa kwanza kwa gramu zake, kisha kwa nguvu zake, na wanaofuata mpangilio wa kinyume ndio wanaoishia na ndege nzito inayopanda kama roketi na kushuka kama jiwe.

Tufanye hesabu. Chukua kwamba ndege yako ingekuwa na gramu 800 ikiwa glaida tupu. Humo mna betri ya seli 4 ya risiva, kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, karibu gramu 95, na tuseme risasi ya gramu 85. Vyote viwili vinatoka, kwa sababu kidhibiti cha mota kina sehemu inayopunguza volti za betri kuu na kuilisha risiva pamoja na sevo, vile vimota vidogo vinavyosukuma usukani na kiinuzi. Umeokoa gramu 180. Sasa ingiza mota isiyo na brashi, ya aina ambayo ganda lake la nje ndilo linalozunguka, yenye kipenyo cha milimita 28 hivi na uzito wa gramu 70; kidhibiti cha amperi 30, gramu 28; propela ya kukunja na kofia yake, gramu 35; betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 yenye uwezo wa miliamperi-saa 1300, gramu 115; na plaiwudi, skrubu na nyaya, gramu 20. Jumla ni gramu 268. Ndege imeongezeka gramu 88 tu, na mzigo juu ya bawa umetoka gramu 18.6 kwa desimita ya mraba hadi karibu 20.7. Mwendo wa kuelea hubadilika kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo itaruka kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 5, tofauti ambayo jicho halitaiona.

Nguvu nazo zinatosha. Mota ya mizunguko 1000 hivi kwa kila volti, ikiwa na propela ya inchi 10 kwa 6 (kipenyo, kisha hatua yake kwa kila mzunguko), huvuta amperi 15 hadi 20. Ukipima kwa kipima wati ukapata amperi 16 na volti 10.8, hizo ni wati 173, yaani karibu wati 195 kwa kila kilo ya ndege. Kwa glaida ya aina hii wati 100 kwa kilo huipandisha kwa kujikongoja, na 150 hadi 200 huipandisha vizuri, mita 4 hadi 6 kila sekunde. Sekunde 30 za mota zitakufikisha mahali ambapo mpira wa kurushia ungekufikisha. Betri hiyo, ukiitumia kwa asilimia 80 tu kama inavyopasa, itakupa takriban dakika 4 za mota, yaani kupanda mara nane. Sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo kwa ndege yenye tabia ya upole.

Kuhusu bawa, usilitie wasiwasi usio wake. Glaida inayovutwa kwa mpira au winchi hupinda mabawa kwa nguvu kubwa kuliko itakayopata ikipandishwa na mota hii. Bawa lijengwe kama mchoro unavyosema, na vijibao vya wima kati ya fito mbili za uti wa bawa viwekwe bila kurukwa, hasa karibu na kiungo cha katikati, huku nyuzi za balsa yake zikielekea juu na chini. Kinachovunja bawa la glaida ya umeme ni kuitumbukiza kichwa chini huku mota ikiendelea kufanya kazi, na tiba yake ni mkono wa rubani.

Kazi yenyewe iko puani. Kwa kuwa hujajenga, una bahati ambayo wanaogeuza ndege iliyokwisha hawana: unaweza kubadili kwenye mchoro kabla ya wembe kugusa mbao. Chora duara la kofia ya propela, milimita 38 au 40, kisha tafuta mahali ambapo kiwiliwili kinafikia ukubwa huo. Hapo ndipo pua ya balsa inapokatwa na ukuta wa mota unaposimama. Ukuta huo uwe wa plaiwudi ya milimita 3, ubandikwe kwa epoksi inayokauka polepole, wala si kwa gundi ya papo hapo, ambayo hukauka ikawa kama kioo na kuachia kwa mtikisiko. Kuta za pembeni za balsa zibandikwe kwa ndani plaiwudi nyembamba, milimita 0.8, kuanzia pua hadi nyuma kidogo ya ukingo wa mbele wa bawa. Sevo, ambazo mchoro wa glaida huziweka mbele, zisogezwe nyuma chini ya bawa ili betri ipate chumba, na chumba hicho kiwe kirefu kuliko betri kwa sentimita 3 au 4, maana kusogeza betri mbele na nyuma ndiko kutakakokamilisha mizani bila kuongeza hata gramu moja. Kifuniko cha rubani kishikwe kwa sumaku ndogo ili betri itoke bila kuondoa bawa. Toboa tundu la hewa mbele karibu na mota na jingine chini nyuma ya betri, na lile la nyuma liwe kubwa kama mara mbili ya lile la mbele, kwa sababu hewa iliyopata joto hutanuka na isipotoka haiwezi kuingia nyingine.

Kabla ya kubandika chochote, funga vifaa vyote kwa utepe mahali unapodhania vitakaa, inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa kwenye alama ya mchoro, na utazame. Kama mkia unashuka, tafuta dawa mkiani kwanza. Gramu moja inayopunguzwa huko, kwa kupiga msasa au kuchagua balsa laini zaidi, huokoa takriban gramu 3 puani.

Mwisho, kidhibiti lazima kiwekewe breki. Bila breki propela huendelea kuzungushwa na upepo, haikunji mabawa yake, na glaida hushuka kama imefungwa mwavuli nyuma. Mipangilio hiyo yote, pamoja na ule wa mota kuzimika mawimbi ya rimoti yanapopotea, ifanywe propela ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mezani.

Fundi, glaida yangu ya mita 2 niliifungia mota mwaka huu. Mota ikizimwa inaelea vizuri kabisa. Nikiiwasha kwa nguvu zote inainua pua, inasimama hewani, kisha inaangukia bawa moja. Rafiki yangu ananishauri niongeze risasi puani. — Msomaji, Nairobi

Usiongeze. Ushauri wa rafiki yako unaonekana wa busara, lakini utaifanya hali kuwa mbaya zaidi, na ni vyema kueleza kwa nini.

Ndege yako imerekebishwa ielee yenyewe kwa mwendo wa mita 7 hivi kwa sekunde. Nguvu ya kuinuliwa kwa bawa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mota ikiufikisha mwendo huo mita 10, bawa linainua mara mbili ya linavyohitaji, na pua inapanda. Kisha mota ipo chini ya bawa: inasukuma mbele kwa chini huku bawa likikokwa na hewa kwa juu, na hilo nalo linainua pua. Sasa, ukiongeza risasi puani, utalazimika kukipandisha kiinuzi kidogo ili ndege iweze kuelea bila kushuka. Na kiinuzi kilichopandishwa ndicho kitakachoitupa pua juu kwa ukali zaidi mara tu mwendo utakapoongezeka. Utakuwa umelipa gramu ili kununua tatizo lile lile.

Dawa ni kuinamisha mota. Mhimili wake uelekee chini nyuzi 3 hadi 5, na kulia nyuzi 2 ikiwa propela inazunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Ikiwa mota yako imefungwa mbele ya ukuta, weka washa, vile vipete vya skrubu, kati ya mota na ukuta kwenye skrubu mbili za juu: washa ya milimita 1, kama skrubu ziko umbali wa milimita 30, huinamisha kwa karibu nyuzi 2. Kwa kulia, ongeza washa upande wa kushoto, ukitazama kama rubani aliyeketi ndani. Jaribu kwanza kwa nusu ya nguvu, ukiwa na urefu wa kutosha chini yako. Ndege inayopanda kwa mteremko mmoja wa kudumu bila mkono wako kugusa kiinuzi imekwisha kupona. Inayoelekeza pua chini mota inapowashwa umeizidishia.

Kama kofia ya propela inakuzuia kuinamisha zaidi, rimoti nyingi za siku hizi zinaweza kuamrishwa zishushe kiinuzi kidogo kila mota inapopewa nguvu. Inafaa, ingawa mimi napenda kwanza mbao zifanye kazi yake.

Ukitaka kujua kama kitovu cha uzito kiko sawa, jambo ambalo ni tofauti na hili, zima mota, ielekeze ndege chini kwa mteremko mdogo, kisha uiachie. Ikijiinua taratibu, iko sawa. Ikiruka juu ghafla, pua ni nzito mno; ikizidi kujiinamisha, pua ni nyepesi, na hapo tu ndipo risasi inapokuwa na hoja.

Shikamoo Fundi. Mjomba ameniachia Electra yake ya zamani. Ina mota kubwa ya brashi na betri ya nikeli-kadimi ya seli 7 ambayo haishiki chaji tena. Nikiweka betri ya lipo itaruka? — Msomaji, Mombasa

Marahaba mwanangu. Itaruka, lakini si kwa kubadilisha betri peke yake.

Electra ni ndugu wa Gentle Lady kutoka kiwanda kile kile, ila yenyewe ilizaliwa na mota. Seli 7 za volti 1.2 ni volti 8.4, na lipo ya seli 2 ni volti 7.4, kwa hiyo mota ya zamani itazunguka bila kuungua. Tatizo la kwanza ni kidhibiti. Kile cha mjomba wako kilitengenezwa kabla ya betri za lithiamu kuingia katika mchezo huu, nacho hakijui kuzima mota betri inapokaribia kuisha. Seli ya lipo ikishushwa chini ya volti 3 huharibika, mara nyingi huvimba, na iliyovimba haichajiwi tena. Chaja ya zamani nayo usiiunganishe na lipo kamwe, hata kwa majaribio ya dakika moja, maana ndiyo njia fupi ya kuwasha moto ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nakushauri ubadilishe vyote vitatu: mota, kidhibiti na betri, pamoja na chaja yake. Na hapo utakutana na jambo lililo kinyume cha lile la msomaji wa Minneapolis. Betri ya zamani ilikuwa na uzito wa karibu gramu 400 na mota zaidi ya 200. Vipya vyote kwa pamoja havifiki nusu ya hapo. Ndege itakuwa nyepesi na tamu zaidi, lakini pua itakuwa imepoteza uzito wake na mkia utashuka. Usikimbilie risasi. Chagua mota nzito kidogo, gramu 120 hivi, ambayo haitachoka kamwe kwa kazi ndogo utakayoipa, na betri ya seli 3 ya miliamperi-saa 2200 isogezwe mbele hadi iguse ukuta wa mota.

Chaji ukiwa na mtu mzima karibu, juu ya sakafu ya saruji, na usilale au kutoka betri ikiwa kwenye chaja. Ile ya nikeli-kadimi usiitupe jalalani wala kuichoma, kwa kuwa kadimi ni sumu. Ipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki.

Ndugu Fundi, mbavu nne za bawa zimevunjika na huku balsa haipatikani madukani. Nitumie mbao gani? — Msomaji, Kisumu

Balsa inayouzwa duniani hutoka kwa wingi Ekwado, na ile ya ndege za mfano huwa na kilo 100 hadi 200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hata ndani ya boksi moja kuna kipande kizito maradufu ya kingine. Kwenu ziwani kuna mti wa ambachi, mwepesi sana, ule ambao Wailchamus wa Ziwa Baringo huundia mitumbwi yao. Unafaa kuchongwa pua au ncha za bawa, lakini mwili wake ni kama sifongo na hautoi vipande vyembamba vyenye nguvu. Kwa mbavu, ambazo kazi yake ni kulipa bawa umbo, tumia ubao wa foamu wa milimita 5 uliobanduliwa karatasi, na uubandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu gundi ya papo hapo huyeyusha foamu nyingi. Uti wa bawa uwe wa msonobari au saipresi yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na fundo. Mkiani usiweke mbao yoyote iliyo nzito kuliko ile ya awali. Sababu umekwisha kuisoma hapo juu.

Mhariri, glaida yenye mota si glaida tena. Mbona mnawafundisha vijana njia ya mkato? — Msomaji, London

Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu, na ilianzia huko huko uliko: tarehe 30 Juni 1957 Kanali H. J. Taplin alirusha Uingereza ndege ya mfano yenye mota ya umeme na betri za fedha na zinki, ikiongozwa kwa redio. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, nalo lina daraja la mashindano liitwalo F5J, ambamo mota huruhusiwa kufanya kazi kwa muda usiozidi sekunde 30, mara moja, mwanzoni. Kifaa kidogo ndani ya ndege hurekodi urefu uliofikiwa, na kila mita hadi 200 humgharimu rubani nusu pointi, na kila mita inayozidi hapo pointi 3. Baada ya hapo anatakiwa kukaa hewani hadi dakika 10 kwa kutafuta hewa ya joto inayopanda, kama wewe unavyofanya. Mwenye ujuzi huzima mota mapema kwa hiari yake. Mkato uko wapi?

Fundi, narudi Dar es Salaam likizo na ningependa kuja na glaida yangu na betri tatu za lipo. Je, nitaruhusiwa? — Msomaji, Muscat

Betri za akiba za lithiamu hazikubaliwi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Beba zote mkononi. Kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100 kwa betri moja, na betri ya seli 3 ya miliamperi-saa 1300 ina wati-saa 14.4 tu. Zipunguze chaji hadi karibu volti 3.8 kwa seli, funika ncha za plagi kwa utepe, na kila moja iwe katika mfuko wake. Mabawa yaingie katika boksi gumu pamoja na nguo.

Ndege yenyewe ni jambo jingine. Vyombo vinavyorushwa kwa rimoti nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nawe usisubiri kuulizwa na afisa wa forodha kitu hicho ni nini. Waandikie kabla ya kukata tiketi, ukitaja uzito, upana wa mabawa, kwamba haina kamera, na mahali unapokusudia kuirushia, kisha usafiri na jibu lao likiwa limechapishwa.